Kisanduku Namba Moja

Muhuri hakuingia ofisi ya kodi kulipa kodi. Tuelewane hapo mapema, tusije tukamsingizia mtu wa watu. Aliingia kwa sababu mle ndani kulikuwa na feni inayozunguka kweli, na kwenye kona kulikuwa na mashine ya maji baridi ya bure. Kwa mtu aliyezunguka mjini tangu asubuhi akitafuta mjinga bila kumpata, hiyo ilikuwa nusu ya pepo.

Jina la Muhuri alipewa na watu waliomfahamu kwa hasara. Mfukoni hakukosa muhuri wa mpira na kidau cha wino wa zambarau, na dini yake ilikuwa moja: binadamu atabishana na barua, atabishana na sura yako, atabishana hata na mama yake mzazi, lakini akiona duara la zambarau hunyamaza. Kwa duara hilo alishauza viwanja vilivyo chini ya maji na vyeti vya vyuo visivyo na mlango. Muhuri mwenyewe ulisomeka IMETHIBITISHWA. Nini kilichothibitishwa, na nani, hakuna aliyewahi kuuliza.

Alikuwa kwenye bilauri ya tatu alipoliona tangazo. Lilibandikwa juu ya mashine ya maji, jipya kabisa. Kila mtoa bima ya afya, awe kampuni, mfuko, au mwajiri anayewakata wafanyakazi wake pesa za matibabu, alete taarifa ofisi ya kodi: nani anamgharamia nani, majina yote, namba zao za mlipa kodi, na miezi waliyokuwa na bima mwaka uliopita. Kila aliyetajwa apewe nakala yake. Mwisho wa kupokea ni siku ya mwisho ya mwezi huu. Atakayeshindwa, faini kwa kila kichwa.

Muhuri akasoma mpaka "kila kichwa" akaishia hapo. Chini yake kulikuwa na aya nne nyingine, herufi ndogo kama ufuta, lakini mtu akishaliona neno faini anatafuta nini tena? Akageuka akawatazama watu waliokuwa wakipita mbele ya tangazo lile bila kulisoma, wamebeba mafaili yao, wana haraka zao. Moyo wake ukajaa huruma. Akachota fomu kumi kwenye sanduku, akaongeza moja ya akiba, akamalizia maji yake.

Saa sita mchana alikuwa kwenye kiwanda cha sare, mtaa wa tatu kutoka pale. Cherehani zilikuwa zinalia, vitambaa vya bluu vimepangwa mpaka dirishani, na mwenye kiwanda, mtu wa shingo nene ambaye hata nyumbani kwake alitaka aitwe Bosi, alikuwa ofisini akila karanga kutoka kwenye droo.

"Natoka ofisi ya kodi," alisema Muhuri, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa amesema kweli tupu.

Bosi akafunga droo. "Kodi nimelipa."

"Nani kataja kodi, mkubwa? Mimi nauliza afya. Mafundi wako wana bima?"

"Wanayo. Kila mwezi nawakata."

"Hongera. Ukishawakata, unampelekea nani?"

Bosi akatazama nje ya dirisha. Hakutaka kutazama, ila macho yana tabia ya kwenda kwa kipenzi chao. Muhuri akayafuata macho hayo mpaka uani, akaliona gari jipya jeusi limefunikwa turubai nusu, viti vya ngozi vinang'aa.

"Ziko sehemu salama," alisema Bosi.

"Naona. Hata mvua haiziwezi."

Basi wale wawili wakaelewana, kama wanavyoelewana watu wa aina yao, bila kutamkiana neno baya. Muhuri akatandaza fomu mezani. Akaeleza faini, akaieleza polepole, kichwa kimoja kimoja, mpaka shingo ya Bosi ikaanza kutoa jasho. Kisha akatoa dawa.

"Wewe unahitaji mfuko wa afya. Mfuko uko mbele yako. Unaitwa Afya Tele."

"Uko wapi?"

"Nimekaa juu yake." Akapiga mfuko wa nyuma wa suruali. "Tunaandika kwamba mwaka mzima ulikuwa unakata pesa unaziwasilisha Afya Tele. Wewe unasaini kwamba umewasilisha, mimi nasaini kwamba nimepokea, nagonga muhuri, tunapeleka. Ofisi ya kodi wanataka karatasi, hawataki kumwona mgonjwa."

"Na wewe unataka nini?"

"Bahasha ya wastani. Na suti." Muhuri akashusha sauti kama mtu anayetaja ndoto yake ya utotoni, maana ilikuwa ndiyo. "Nyeusi. Vitundu vya vifungo vishonwe kwa mkono."

Bosi akaona amepona kwa bei nafuu. Akaita, "Shangazi! Njoo na tepu."

Shangazi alikuwa dada wa baba yake Bosi, na kiwanda kizima kilimwita hivyo hivyo. Alikuwa ameshona vitundu vya vifungo mle ndani tangu kiwanda kikiwa chumba kimoja, na hakuna mashine iliyowahi kumshinda. Lakini mwaka huo jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu, mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa limeanza kufuata nyayo. Daktari alimwambia apasuliwe ndani ya miezi miwili, akizidisha hapo hana dhamana. Alipokwenda dirishani hospitalini na kusema anakatwa bima kila mwezi, miaka sita sasa, walitafuta jina lake wakamwambia, mama, haumo popote. Bosi alipoulizwa alisema atalifuatilia. Wiki iliyopita alikuwa amesema tena, kwa upole mkubwa, kwamba Shangazi akishindwa sindano atapewa ufagio.

Akampima Muhuri mabega, kifua, mikono. Fomu ilikuwa mezani, majina ya mafundi yameshajazwa, akaiinamia mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Hii ni orodha ya bima?"

"Ndiyo, Shangazi," alisema Muhuri.

"Mimi nimo?"

Muhuri akahesabu. Walikuwa thelathini na tisa. Akamtazama Bosi.

"Wewe ni familia," alisema Bosi. "Mambo ya familia hatuyaandiki kwenye makaratasi."

"Makato yangu unayaandika."

Bosi akakohoa, karanga ikampalia.

"Mwongeze, mkubwa," alisema Muhuri kwa ukarimu wa mtu anayegawa cha mwenzake. "Jina moja ni wino tu." Akaliandika mwenyewe mwisho wa orodha, likawa la arobaini. Na msemo wa arobaini za mwizi aliujua vizuri, tangu mdogo, ila siku ile haukumjia.

Kesho yake asubuhi Shangazi aliomba ruhusa ya kwenda kununua nyuzi. Alinunua nyuzi, hakudanganya. Lakini alipitia ofisi ya kodi kwanza, kwa sababu waongo wengi mno walishamwambia umo, akataka kusikia kwa mtu asiyemjua. Foleni ilikuwa ndefu. Akasogea kwenye mashine ya maji, akaliona tangazo, na kwa kuwa hakuweza kusoma chochote bila kukibusu, akaligandamiza uso akalisoma lote. Ilimchukua karibu saa nzima. Mtu anayesoma kwa taabu harukii aya.

Aya ya pili kati ya zile ndogo ilisema: atakayetajwa kisanduku namba moja kuwa mtoa bima ndiye atakayegharamia matibabu ya wote waliomo kwenye orodha. Aya ya tatu: bima hiyo huhesabika inaendelea mpaka mtoa bima alete notisi ya kuisitisha, miezi mitatu kabla, na wote waliomo wajulishwe. Aya ya nne: hospitali yoyote itampokea mwenye nakala iliyogongwa na ofisi hii.

Shangazi akaenda dirisha la tatu, kwa karani mmoja mwembamba aliyezungumza bila kuinua macho.

"Mwanangu, ile nakala inampa mtu kitanda hospitali kweli?"

"Ikishagongwa hapa, mama, inampa."

"Hata kama mwenye mfuko ni mtu wa hovyo?"

"Mtu wa hovyo tunamwachia yule anayemdai," alisema karani. "Anayefuata."

Siku ya mwisho ya mwezi ikafika na balaa lake. Muhuri alipeleka fomu asubuhi, akarudi kiwandani kabla ya saa nne amekunja uso. Karani alikuwa ameingiza namba ya Afya Tele kwenye kompyuta na kompyuta ikaikataa. Haikuwa ajabu, Muhuri aliitunga akiwa chooni.

"Wanataka namba ya kweli kisanduku namba moja," alimwambia Bosi. "Weka yako."

"Yangu? Mimi ni mwajiri, mimi ni kisanduku namba mbili. Mfuko ni wewe."

"Mimi ni mshauri."

"Juzi ulikuwa umeukalia."

Hayo yote waliyasemea chumba cha kushonea, kwa sababu Muhuri alikuwa amesimama katikati amevaa koti la suti mpya, na Shangazi alikuwa anamalizia kifungo cha mwisho, sindano iko sentimita moja kutoka kifuani. Mtu katika hali hiyo hawezi kutembea akibishana. Cherehani zilikuwa zimepunguza kelele, kila fundi amepata kitu cha kukunja.

"Usivute pumzi nyingi, mwanangu," alisema Shangazi. "Koti limekukaa. Mwenye kiwanda cha viatu hapo nyuma akuone hivi hivi."

"Mwenye viatu ana nini?"

"Jana aliniuliza, huyo bwana wa mfuko anapatikana wapi? Na yeye ana watu, na hajapeleka kitu. Yule wa mikate pia. Nikawaambia ngojeni kwanza, tuone kama jina lake litapokelewa. Ukipokelewa kwa huyu, wote watataka kwako. Usipopokelewa," akavuta uzi, "watatafuta mfuko mwingine."

Hakuna aliyemuuliza Shangazi kitu kama hicho. Mwenye viatu alikuwa hata salamu haitiki. Lakini ona sasa, msomaji: Muhuri aliyedanganya mji mzima akaona mikate, akaona viatu, akaona bahasha zinapiga foleni. Namba ya mlipa kodi ya kweli alikuwa nayo, aliipata zamani alipofungua akaunti ya benki, na kwa kuwa hakuwahi kupata senti ya halali ilikuwa safi haijaguswa. Na hii si kodi, akajiambia. Ni taarifa. Taarifa imewahi kumuuma nani?

"Leta hiyo fomu," alisema.

Chini ya Afya Tele akaandika jina lake la kuzaliwa, ambalo hata yeye alisita kidogo kulikumbuka, na namba yake, na namba ya simu. Akagonga duara la zambarau kwa nguvu, likatoka zuri. Saa tisa alasiri karani wa dirisha la tatu akaiingiza, kompyuta ikakubali, akagonga nakala arobaini moja moja.

"Nakala ni za wahusika," alisema karani.

"Nitazigawa mimi, mwanangu, usisumbuke," alisema Shangazi, aliyekuwa amemfuata Muhuri mpaka pale na sindano mkononi kwa madai kwamba kola inahitaji kurekebishwa. Akazitia kwenye mfuko wa nyuzi.

Muhuri alichukua bahasha yake kwa Bosi jioni ile ile, akapita kwa mwenye viatu, akafukuzwa. Akapita kwa wa mikate, akaulizwa kama amekunywa. Roho ikasinyaa kidogo, lakini bahasha ilikuwepo na suti ilikuwepo, basi akala maisha wiki mbili. Siku ya kumi na tano alikuwa kituo cha mabasi anakata tiketi ya mji mwingine, wenye wajinga wapya, simu ikaita.

"Naongea na Mfuko wa Afya Tele?" aliuliza mwanamke mwenye sauti nzuri.

Muhuri akanyoosha tai. Mteja. "Ndiye mwenyewe, mama. Nikusaidie nini?"

"Ni hospitali ya macho. Tumempasua mgonjwa wako jana, anaendelea vizuri, anakusalimu sana. Tunataka kujua hundi inaletwa au tuifuate. Na dirishani hapa kuna mwingine wa miwani, amekuja na nakala yako."

Kwa namna alivyokata ile simu, ungedhani imemuunguza. Ikaita tena, safari hii ni kliniki ya meno. Kisha wodi ya wazazi, ambako mshona mifuko alikuwa amejifungua salama. Kisha mtu wa ngiri. Mafundi wale walikuwa wamekatwa miaka sita bila kuugua kwa raha, sasa waliugua kwa mpangilio, kwa zamu, wasisimamishe kazi.

Akakimbilia dirisha la tatu, suti imeloa mgongoni.

"Mimi si mtoa bima," alimwambia karani. "Kulikuwa na makosa."

Karani akaangalia skrini. "Jina lako, namba yako, saini yako, muhuri wako. Kama wewe si mtoa bima, basi umeleta taarifa ya uongo. Hiyo ni faini kwa kila kichwa, vichwa ni arobaini, halafu utaingia mlango ule pale." Kwenye mlango ule alikaa askari anakula biskuti. "Kama wewe ni mtoa bima, walipie wagonjwa wako. Niweke tiki wapi?"

"Naweza kusitisha?"

"Miezi mitatu. Aya ya tatu. Tangazo liko juu ya mashine ya maji."

Muhuri akaenda akalisoma, mara hii mpaka chini. Hakunywa maji.

Bosi alipomwona alicheka mpaka akashika meza. "Kisanduku namba moja! Pole, ndugu yangu. Karanga?"

"Cheka," alisema Muhuri, akatandaza nakala mbele yake. "Kisanduku namba mbili saini ya nani? Umesaini kwamba ulikata na ukaniletea, mwezi baada ya mwezi, na mwaka huu unaendelea. Mimi leo natafutwa na hospitali nne. Wakiniuliza pesa ziko wapi, nitawaambia nini? Kama uliniletea, nionyeshe stakabadhi. Kama hukuniletea, yule askari ana biskuti za kutosha watu wawili."

Bosi akatazama nje ya dirisha. Akatazama kwa muda mrefu, kwa mapenzi, kama mtu anayeaga. Wiki hiyo gari likaondoka na turubai lake, likaendeshwa na mtu mwingine, na Bosi akaanza kuja kazini kwa miguu. Walisema shingo imepungua, na afya yake imekuwa nzuri.

Hivyo ndivyo Mfuko wa Afya Tele, uliozaliwa mfuko wa nyuma wa suruali, ulivyopata meza. Meza iliwekwa kona ya chumba cha kushonea, karibu na Shangazi. Makato yalifika pale kila mwezi mbele ya macho ya watu, Muhuri akaandika, akapiga simu, akagombana na hospitali juu ya bei ya miwani. Na tuseme ukweli hata kama unatuuma: aliiweza ile kazi. Hakuna daktari aliyeweza kumuuzia kipimo kisichohitajika, maana yeye ni wa fani ile ile. Mara mbili mafundi walimpokea kwa makofi na vigelegele. Hilo lilimtia hofu kuliko simu zote.

Notisi aliiandika siku ya kwanza aliporudi, ya kusitisha bima, na akaificha wahusika wasijue, akingoja miezi mitatu iishe aigonge tarehe ya nyuma. Ikaisha. Asubuhi hiyo makato ya mwezi yalikuwa yameshaingia, yako kwenye mkoba mezani, na kwenye mfuko wa ndani wa koti Muhuri alikuwa na notisi, tiketi ya basi la saa nane, na muhuri wake. Kwenye foleni mbele ya meza alikuwepo fundi mmoja wa pasi, shavu limevimba, anasubiri barua ya kung'oa jino.

"Narudi sasa hivi," alisema Muhuri, akachukua mkoba.

"Mwanangu," aliita Shangazi, "hebu njoo. Kifungo kinaning'inia."

Akaangalia. Kilikuwa kinaning'inia kweli, kwa uzi mmoja. Suti ile aliipenda kuliko ndugu zake, hangeweza kupanda nayo basi hivyo. Akasimama mbele yake. Shangazi alikuwa na macho mawili maangavu, yote yameshapasuliwa, bila miwani, akatunga uzi kwenye sindano mara moja tu, bila hata kulamba ncha.

"Hiki nilikishona nikiwa sioni," alisema. "Ndiyo maana. Shika hapa, nifike kwa ndani."

Akafungua koti. Mkono wake ukapita kwenye mfuko wa ndani, ukasimama kidogo, ukaendelea. Sindano ikaingia, ikatoka, haraka, ushonaji mdogo mdogo wa vitundu, ule usiofumuka mpaka nguo ichanike. Cherehani moja ikanyamaza, halafu nyingine. Muhuri akainamisha macho. Kifungo hakikuwa kimeguswa. Mdomo wa mfuko wa ndani ulikuwa umezibwa kutoka pembe hadi pembe, na tiketi, na notisi, na muhuri vikiwa ndani.

"Shangazi," alisema polepole, "umeshona nini?"

"Ukitaka vilivyomo, mkasi ule pale. Chana." Akakata uzi kwa meno, akampiga vumbi begani, akamtazama usoni, na alikuwa hajawahi kumtazama hivyo. "Sasa nakuona vizuri. Weka mkoba mezani, mwanangu, kuna mtu anaumwa jino."

Muhuri akautazama mkasi. Akaitazama suti. Akavuta kiti.